Kipaji Si Kocha

Nimechoka kuambiwa kwamba Mkenya huzaliwa akijua kukimbia. Nimeisikia kauli hii kwenye matatu za Namanga Road, kwenye harusi, kwenye hotuba za wanasiasa, na hata ndani ya darasa la chuo kikuu, kutoka kwa watu waliolipwa kufundisha kinyume chake. Husemwa kama sifa. Mimi naiona kuwa kisingizio, tena kisingizio ghali, maana kinatuwezesha kulikwepa swali tusilolipenda: ni nani anayewafunza watoto wetu, na yeye alifunzwa na nani?

Nilisomea sayansi ya michezo na ukocha. Miaka minne. Naishi Kitengela. Jumatatu hadi Ijumaa niko kwenye hadiwea nikiuza simiti, misumari na mabati, kwa sababu Kitengela kila mtu anajenga. Jumamosi na Jumapili jioni nafunza watoto wa chini ya miaka 15 kwenye kiwanja cha ule udongo wetu mweusi: mvua ikinyesha hakichezeki, jua likiwaka kinapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Sitafuti huruma. Nataka tu ujue nasema nikiwa nimesimama wapi.

Nilipopata nafasi ya chuo, mjomba wangu aliuliza mbele ya watu, "Kwani sasa utasomea kukimbia?" Wakacheka wote. Hakuwa na nia mbaya, mzee wa watu. Lakini fikiria hivi: mtu akisomea lishe, hakuna anayemwambia kwamba kula hakusomewi. Akisomea ukunga, hakuna anayemwambia kwamba wanawake wamezaa tangu dunia iumbwe bila shahada. Michezo peke yake ndiyo tumeamua haina maarifa. Ina kipaji tu, na kipaji, eti, hutoka kwa Mungu, kwa hivyo hakuna haja ya kumlipa mtu.

Tuanze na hoja yao yenye nguvu zaidi: mwinuko. "Ni hewa ya milimani," wanasema. Ni kweli Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaoishi huko juu hutengeneza chembe nyekundu zaidi za kubeba oksijeni katika damu. Sibishi. Lakini mji wa La Paz, Bolivia, uko juu zaidi ya mita 3,600. Mabingwa wa marathoni wa La Paz wako wapi? Hewa haimpangii mtu mazoezi. Haimwambii ni siku gani akimbie kwa kasi na ni siku gani ajikokote polepole. Haijui kwamba jana hakulala. Iten ina hewa, ndiyo, lakini pia ina miongo ya watu kukaa pamoja, kupima, kukosea, kukumbuka na kumwambia kijana anayefuata. Kwa jina lingine hiyo ni elimu, hata kama ilitolewa kando ya barabara ya vumbi.

Nao waliopima kwa vifaa vya kisayansi hawakukuta uchawi. Mwaka 2004, Vincent Onywera, Mike Boit na wenzao walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji Wakalenjin wa kiwango cha juu. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata kwa chakula ilitokana na wanga: ugali, viazi, wali, mkate, chai yenye sukari. Tena walikuwa wakila pungufu ya nguvu walizotumia mazoezini. Jambo kama hilo hulijui mpaka upime sahani kwa sahani, na ukishalijua unaweza kuuliza: je, tuwaongeze chakula, lini, kiasi gani? Ukisema ni damu ya Kikalenjin, basi mazungumzo yameisha na mpishi anaweza kwenda nyumbani.

Mtazame Boit mwenyewe. Alishinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema kipaji chatosha, ni yeye. Badala yake alienda akasoma Marekani hadi shahada ya uzamifu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Patrick Sang naye alishinda fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, baada ya kusoma Chuo Kikuu cha Texas. Huyo ndiye aliyemlea Eliud Kipchoge tangu alipokuwa kijana akiomba kuandikiwa programu ya mazoezi. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa amezungukwa na hesabu kila upande: kasi ya gari, mpangilio wa wasindikizaji, kinywaji, kiatu. Sisi tukaketi mbele ya runinga tukasema, "Huyu amezaliwa hivyo."

Hapo ndipo huwa nakatizwa. "Na Brother Colm je? Yule hana shahada ya ukocha." Sawa, tumzungumzie Brother Colm O'Connell. Alifika St. Patrick's Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jografia. Alimkuta pale Peter Foster, ndugu wa mwanariadha wa Uingereza Brendan Foster, akifunza riadha, naye akajifunza kwake. Kisha akakaa. Akakaa miaka arobaini na zaidi akiangalia miguu ya watoto. David Rudisha alipofika mikononi mwake alikuwa kijana wa mita 400 na dekathloni. Colm ndiye aliyeona mita 800 ndani yake, akamlea taratibu bila pupa. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha alikimbia 1:40.91, rekodi ya dunia. Na usisahau kwamba baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa na medali ya fedha ya kupokezana vijiti ya Olimpiki ya Mexico 1968. Kijana huyo Mmaasai alikuwa na mwalimu nyumbani na mwalimu shuleni. Wewe unamtumia kama ushahidi kwamba mwalimu hahitajiki! Kama serikali inaweza kumpa kila mtoto wa Kajiado mtawa wa kukaa naye miaka arobaini, nitakubali kufunga mdomo. Kama haiwezi, basi kuna njia ya kufupisha miaka arobaini ikawa minne, na njia hiyo inaitwa shule.

Wengine hunitajia Julius Yego. Bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, Beijing 2015, mita 92.72, na alijifunza kwa kutazama YouTube kwenye saiba. Tunaisimulia hadithi hiyo kwa kicheko na majivuno. Mimi huisoma kama barua ya malalamiko. Nchi nzima haikuwa na mtu wa kumwonyesha kijana huyu jinsi ya kuuweka mkono, ikabidi alipe pesa za saiba amtazame Mcheki na Mnorwe. Na hata yeye baadaye alienda Ufini kwa ufadhili, akapata kocha wa kweli. Je, ni kina Yego wangapi hawakuwa na nauli ya kufika saiba?

Njoo sasa hapa kwetu Kajiado, maana kuna wanaodhani sayansi ya michezo ni kitu cha wazungu. Wazee wa Kimaasai hawakuwahi kuuachia mwili wa kijana ujipange wenyewe. Morani walipelekwa olpul, kambi ya porini ya kula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome kama ya okiloriti, wakakaa huko kwa siku, wakala, wakapumzika, wakarudi na nguvu. Kulikuwa na rika, na hatua, na wazee wa kusimamia kila hatua. Hiyo ni programu: kuna mzigo, kuna chakula, kuna mapumziko, kuna msimamizi. Na tangu 2012, kule Kimana, kusini mwa kaunti hii, kumekuwa na Maasai Olympics, ambapo morani wanashindana kukimbia, kurusha mkuki na rungu, na kuruka juu, badala ya kuthibitisha ushujaa kwa kuua simba. Rudisha ni mlezi wake. Ni jambo jema kabisa. Lakini mashindano ni siku moja. Siku nyingine zote kijana huyo aliyeruka juu kuliko wote anafunzwa na nani?

Nakuambia gharama yake inavyoonekana uwanjani. Mvulana wa miaka 13 anaanza kulalamika goti. Kuna kinundu kimejitokeza chini ya kifuniko cha goti, ukikigusa anaruka. Kocha wa mtaani anamwambia aache uvivu. Mama anapaka dawa ya kuchua. Mwalimu anamkimbiza raundi mbili zaidi ili "goti lizoee." Kumbe mtoto yuko katika ile miezi ya kurefuka ghafla, mifupa inakimbia mbele ya misuli, na msuli wa paja unavuta mahali pale ambapo mfupa bado ni laini. Ni tatizo linalojulikana duniani kote kwa jina la Osgood-Schlatter, na dawa yake kwa kawaida ni rahisi: punguza kuruka na kukimbia kwa muda, imarisha misuli polepole, ngoja akue. Haligharimu chochote ila kujua. Kwa kutojua, nimeona watoto wakiacha michezo kabisa, wakidhani miili yao ni mibovu.

Tuzungumzie wasichana. Msichana anayecheza kandanda yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukatika ligamenti ya ndani ya goti kuliko mvulana anayecheza mchezo uleule. Hilo linajulikana. Linajulikana pia la kufanya: FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 yasiyotaka kifaa chochote zaidi ya mpira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyiwa wasichana wa Norwe, ulionyesha majeraha yakipungua kwa karibu theluthi. Dakika 20! Hakuna uwanja wa nyasi unaohitajika, hakuna mashine, hakuna mfadhili. Unahitajika mtu mmoja anayejua, na anayefika mapema. Tembea Noonkopir Jumamosi asubuhi uone timu zinavyopasha mwili: raundi mbili za kuzunguka uwanja, kunyooshana miguu kidogo, filimbi, mechi.

Kuna jambo zito zaidi la goti. Kocha ana mamlaka juu ya mwili wa mtoto. Humgusa, humpima, humpeleka mbali na nyumbani, humuahidi maisha. Agnes Tirop alipouawa Iten Oktoba 2021, wenzake walianzisha Tirop's Angels, na tukalazimika kama nchi kuongea juu ya wanaume wanaoyazunguka mafanikio ya wasichana wanaokimbia. Daktari akikosa maadili, kuna daftari la kumfuta jina. Mwalimu vivyo hivyo. Kocha wa mtaani akimdhulumu mtoto Kitengela, kesho anachukua filimbi yake anahamia Isinya na kuanzisha akademia nyingine. Hakuna wa kumfuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandika. Sisemi shahada humfanya mtu kuwa mwema. Nasema taaluma huwa na mlango, na mlango unaweza kufungwa.

Na dawa za kusisimua misuli? Mei 2016 shirika la WADA liliitangaza Kenya kuwa imeshindwa kutimiza masharti. Mwaka 2022, tukiwa tumebanwa tena, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na dawa hizo. Nashukuru. Lakini tazama: pesa za kumkamata kijana zimepatikana, za kumfundisha kabla hajakutana na mwenye sindano bado zinatafutwa. Kijana asiye na mtu wa kumweleza mwili wake unavyofanya kazi atamwamini yeyote anayeongea kama daktari.

Sasa, nisije nikaonekana nawatetea wenzangu wenye vyeti kwa sababu ni wenzangu. Vyuo vyetu navyo vina kesi ya kujibu. Katika chuo nilichosoma, kulikuwa na mashine ya kukimbilia ya maabara iliyofunikwa turubai kwa muda wote niliokuwa pale, na ufunguo wa chumba ulikuwa na mtu ambaye hakuonekana. Tulikariri mizunguko ya nishati mwilini kutoka vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wanariadha wa Ulaya. Mafunzo ya nje yalikuwa majuma machache ya kubeba koni na kumpigia kocha mkuu picha. Nawajua watu waliohitimu bila kuwahi kusimama mbele ya watoto ishirini wenye kelele, na walipelekwa kwenye kozi ile na mfumo wa kugawa nafasi, hawakuichagua. Mtu kama huyo akija uwanjani na misamiati, wazee wa timu wakamcheka, siwezi kuwalaumu.

Lakini jawabu la chuo kinachofundisha vibaya ni kufundisha vizuri. Muuguzi hahitimu bila kushika mgonjwa. Mwanafunzi wa ukocha naye awekwe uwanjani kila juma kuanzia mwaka wa kwanza, akabidhiwe timu moja ya watoto, abaki nayo hadi mwaka wa nne. Aandike urefu wao kila mwezi, aandike nani ameumia na kwa nini. Hebu fikiria tungekuwa na daftari kama hilo kutoka Kitengela, Kiserian, Namanga na Loitokitok kwa miaka kumi. Tasnifu ziandikwe juu ya olpul, juu ya mtoto anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule na kurudi kisha anaambiwa akimbie, juu ya mazoezi ya saa nane mchana kwenye jua la Kajiado. Kwa nini mwanafunzi wa hapa aandike kuhusu mchezaji wa Uholanzi?

Akishahitimu, apate pa kwenda. Leo TSC husajili walimu, na aliyesoma ukocha bila ualimu hana mlango pale. Vilabu vingi haviwezi kulipa. Inabaki kaunti. Na hapa wanasiasa wetu wasijifiche, kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Si hisani. Ni kazi yao. Kajiado ina wadi 25. Naomba makocha 25 waliosomea, mmoja kila wadi, kwa mshahara wa kila mwezi. Sijaomba uwanja wa viti elfu kumi. Kila mmoja awafunze watoto wa wadi yake, na muhimu zaidi, awafunze wale makocha wa kujitolea ambao tayari wako uwanjani kila jioni. Hao siwadharau hata kidogo. Bila wao watoto wangekuwa barabarani. Wengi wana jicho ambalo mimi sina. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia lile la goti.

Najua tutakachopewa badala yake: kombe. Kila msimu wa siasa ukikaribia huja kombe lenye jina la mheshimiwa, jezi zenye uso wa mheshimiwa, mipira miwili, fahali wa kuchinjwa, na spika za kupasua masikio. Vijana hucheza mechi tatu kwa siku mbili bila maji ya kutosha, mmoja anabebwa kwa boda hadi zahanati, mshindi anapigwa picha, na Jumatatu uwanja unarudi kuwa wa mbuzi. Mheshimiwa akiulizwa amefanyia nini michezo, anaonyesha picha. Nami namuuliza: hizo pesa za spika na fahali zingemlipa kocha miezi mingapi?

Wakati tunangoja, ninalo ombi kwa wazazi wenzangu wa Kitengela. Unapomnunulia mtoto simu unauliza gharantii. Basi Jumamosi hii nenda naye hadi uwanjani, msalimie kocha kwa heshima, umuulize maswali manne. Ulijifunzia wapi kazi hii? Mtoto wangu akiumia unafanya nini dakika tano za kwanza? Anapumzika siku ngapi kwa wiki? Mkienda mechi ya mbali, ni mtu mzima gani mwingine anakuwepo? Kocha mzuri, awe na shahada au asiwe nayo, atafurahi kuulizwa. Akikasirika, mchukue mtoto wako urudi naye nyumbani.